Mstari wa Mlangoni kwa Bibi

Mtu akimwaga mahindi makavu kwenye debe tupu, mimi hugeuka kutafuta moshi. Watoto wangu hunicheka. Hawajui kwamba masikio yangu bado yako kijijini kwetu Nyamwaga, miaka ile ya hamsini, nikiwa msichana wa miaka tisa hivi, nazungusha debe la kahawa juu ya moto huku baba yangu na mama yake mzazi wakiangaliana kama watu wenye kesi ya ng'ombe.

Niwaeleze ugomvi wenyewe. Bwana shamba wa serikali alikuja akawahimiza wazee wapande kahawa, na baba akaipanda pale pale bibi alipokuwa akilima ulezi tangu alipoolewa. Mistari sita, kuanzia njiani mpaka mlangoni kwa bibi. Tangu siku hiyo bibi hakumwita tena mwanawe kwa jina. Alimwita Bwana Shamba, tena hakumsemesha. Walitumiana maneno kupitia kwangu, hata wakiwa wamekaa hatua tano tu.

"Robi, mwulize Bwana Shamba leo tunakula majani gani."

"Robi, mwambie mama yangu sukari anayolamba imetoka kwenye majani hayo hayo."

Nami niliyabeba. Katika zile hatua tano nilikuwa nikiyapunguza makali. "Baba anasema sukari ipo, bibi." Nilijiona mjanja sana. Niliota kwamba siku moja nitawapatanisha, wachinje mbuzi kwa heshima yangu, nikalishwe kwenye kigoda kama mtu mzima.

Siku moja bibi akatoa neno zito. "Mwambie hivi. Mimi nimelima ulezi, nimekula ulezi. Yeye analima kitu ambacho hajawahi kukipika. Anipikie nionje. Ikinishinda, ang'oe mistari yote sita."

Alisema kweli. Kahawa yetu ilikwenda kuuzwa kwenye chama cha ushirika ikiwa na ganda lake kavu, na katika boma zima ni baba tu aliyewahi kuinywa, kikombe kimoja, kwa fundi cherehani mmoja Mwislamu mjini Tarime.

Baba akachukua debe la mafuta ya taa, akalisugua kwa majivu. Akapitisha katikati chuma cha mwavuli uliovunjika, akakikunja ncha moja ikawa mkono wa kuzungushia. Akakata kidirisha ubavuni, akamimina kahawa, akakifunga kwa waya. Debe likalazwa kati ya mawe mawili juu ya moto, nami nikapewa mkono nizungushe. Nilizungusha nikiota mbuzi wangu.

Kisha ukaja moshi. Si ule mnaoujua nyinyi. Ulinuka nyasi kavu na taa iliyozimwa. Tulipofungua, ganda lilikuwa mkaa na punje ya ndani bado kijani. Hatukujua kwamba kahawa hukobolewa kwanza. Tungejulia wapi, sisi wa kuiuza tu?

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Robi, mwulize Bwana Shamba, ng'ombe naye humla na ngozi?"

Baba akainama akakusanya mkaa wake. Hapo bibi akanyanyuka. Alisema amechoka kuona chakula kikichezewa, yeye aliyekuwa ameapa kwamba hicho si chakula. Akatia kahawa nyingine kinuni, akatwanga taratibu ganda likaachia, akapepeta kwa ungo. Akanisukuma pembeni, akashika mkono wa debe mwenyewe. Hakulitazama. Aliinama akasikiliza, kama alivyousikiliza ulezi wa pombe ukikaangwa. Punje zilipoanza kupasuka, tak, tak, akatulia kidogo, akaepua. Harufu ikatambaa mpaka zizini. Baba alikuwa ametupa mgongo, lakini niliona pua zake zikicheza.

Bibi alisaga, akachemsha, akanywea ndani kwake, mimi na yeye peke yetu. Alimaliza kikombe. Akakigeuza, akatazama machicha.

"Mwambie inanyweka," akasema kwa sauti ya chini. "Mistari yake aiache. Ila ule mmoja wa mlangoni kwangu aung'oe, nipate pa kuotesha ulezi kidogo."

Nilitoka mbio. Baba alikuwa amesimama uani, mikono nyuma, kama mtoto anayengoja kusomewa majina ya waliofaulu. Sikuweza kuutia ule mstari mmoja kwenye uso ule.

"Inanyweka, baba. Anasema uache mistari yako."

Akanirusha juu akanidaka. Nikajiambia, hilo lingine nitamwambia kesho. Kesho yake alikuwa anapiga mluzi akipalilia. Keshokutwa vilevile. Bibi alikuwa akikaa mlangoni kwake anaangalia ule mstari, haniulizi kitu, nami nikadhani amesahau.

Siku ya tano asubuhi tuliamshwa na panga. Bibi alianza na ule wa mlangoni, hakuishia hapo. Baba alipotoka, mistari yote sita ilikuwa chini mpaka njiani.

Kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze, alimsemesha mama yake moja kwa moja. "Umeinywa, halafu umeikata."

"Nawe umesikia, halafu umenyamaza."

Nilikuwa nimesimama katikati yao na sina la kubeba. Kila mmoja alimwelewa mwenzake vibaya, na neno lililopungua nilikuwa nalo mimi mdomoni. Nikalimeza. Mchana bibi alifunga mzigo wake akaenda kukaa kwa mwanawe mdogo, kijiji cha Nyakunguru. Hakurudi akiwa hai.

Visiki vya kahawa vilichipua tena, vinayo tabia hiyo. Baba alizeeka navyo. Mimi nilikuwa na wajukuu tayari nilipomwambia neno lile nililolimeza, tukinywa kahawa niliyoikaanga mwenyewe. Kwa miaka mingi nilijiona mtoto mwenye huruma aliyewapunguzia watu maumivu. Kumbe nilimwonea huruma yule niliyeuona uso wake, nikamnyima yule aliyekuwa amebaki ndani na kikombe kitupu.

Baba aliweka kikombe chini. Hakunigombeza.

"Mstari mmoja tu?" akauliza.

"Mmoja, baba."

Akageuka kutazama palipokuwa mlango wa nyumba ya bibi, iliyokwisha kuanguka zamani, na mibuni iliyofika hadi kizingitini. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayepima shamba kwa hatua.

"Mstari mmoja tu?"