Niliizima Swichi Ili Boila ya Marehemu Irudi

Mie ndiye niliyemuunguza mke wa mwanangu. Sikummwagia maji kwa mkono wangu, lakini nimechoka kujificha nyuma ya hilo. Msiniandikie maneno ya kunipoza, siyataki. Nisomeni, mnitukane mkipenda, halafu na nyie mjiangalie.

Majina nimeyabadilisha. Mwanangu nitamwita Hemedi, mkewe Zaina. Tulikuwa tunakaa pamoja Sydenham, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu mume wangu. Asili yetu ni Tanga. Marehemu alifanya kazi bandarini hapa Durban mpaka mgongo ukamshinda, na boila ya gesi ya kuchemshia maji ya bafuni aliifunga ukutani yeye mwenyewe. Ilikuwa na kidirisha, unauona moto wa buluu unawaka, unajua maji yako yanapikwa.

Zaina ni wa Kasongo, Kongo. Sikumpenda. Nilichukia Kiswahili chake, nilichukia anavyokata mboga, na zaidi nilichukia ule upole wake. Ukimsema anaitikia "ndiyo, maman," kisha anaendelea na lake. Afadhali angenijibu, tungegombana tukaisha.

Boila ikaanza kunuka gesi. Fundi akasema imekwisha, haifai hata kutengenezwa. Mie nikasema nunueni nyingine ya gesi kama ile ile. Zaina naye akaja na yake. Alikuwa amesoma, amewauliza watu, ameandika kwenye karatasi. Ati gesi tunayochoma moshi wake haupotei, unabaki juu unazidisha joto la dunia, na hizi mvua zinazobomoa kuta za watu ndiko zinakotoka. Alitaka maji ya nguvu ya jua, lakini ghorofa la jirani linaziba paa letu karibu mchana kutwa. Basi akachagua pampu ya joto, sanduku lenye feni linalokaa uani kama lile la kiyoyozi.

"Haichomi kitu, maman," aliniambia. "Inakamata joto ya hewa, inaingiza mu maji. Na hapa Durban joto iko, hata wakati ya baridi."

"Nani kakwambia maji yanachemshwa kwa upepo? Labda huko kwenu."

"Ndiyo, maman," akasema, na wiki iliyofuata mafundi wakaja.

Hemedi alimsikiliza mkewe. Boila ikang'olewa ukutani huku nimesimama natazama. Nikakataa isitupwe, nikaivisha gunia nikaiweka gereji. Lile sanduku lilipoanza kuvuma uani, niliona kama limemtoa mume wangu kwenye nyumba yake. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba lilifanya kazi. Maji yalikuwa moto, moto kweli, na hakuna harufu wala kubeba mitungi. Nikawa naoga huku nimenuna.

Zaina akajifungua mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza. Kwetu mzazi hukandwa. Kila asubuhi unachovya taulo kwenye maji ya moto, unalikamua, unamkandamiza tumbo na mgongo, kisha unamfunga kwa kanga, mpaka siku arobaini ziishe. Mama yake yuko Kasongo, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. Badala ya kumshukuru Mungu kwa heshima ile, nikaona hapo ndipo pa kuiaibisha mashine.

Nilifanya hivi. Asubuhi Hemedi akishaondoka kwenda kazini, nafua nepi kwa maji ya bomba la moto, nayaachia makusudi mpaka tangi la ile mashine lipoe. Nikitoka kuanika, naizima ile swichi iliyoko ukutani uani. Tukifika wakati wa kukanda, maji ni uvuguvugu. "Haya, hiyo ndiyo mashine yako," namwambia. Tunainjika sufuria kubwa ya pilau jikoni, naibeba mwenyewe hadi bafuni, na njia nzima nalalamika. Alasiri naiwasha tena, Hemedi akirudi anakuta maji moto.

Mnaona ubaya wake? Zaina akimwambia mumewe kwamba asubuhi hakuna maji ya moto, Hemedi anafungua bomba, mvuke unampiga usoni. Siku ya nne akamwambia mkewe, mbele yangu, kwamba uchovu wa uzazi unamchanganya. Mie nikaendelea kukoroga chai.

Siku ya nane nikamvuta Hemedi pembeni, nikamwambia mashine ile ina kasoro, mzazi anateseka, turudishe gesi. Alikuwa amechoka kusikia habari za maji. "Sawa, mama. Jumamosi nitamtafuta fundi." Nilishashinda. Ningeiacha swichi kuanzia hapo na hakuna ambaye angejua. Lakini kesho yake nikaizima tena, kwa mazoea ya ubaya tu.

Siku hiyo wakaja wageni kumtazama mtoto, wanawake watatu wa kwetu, wamebeba uji na sabuni. Nikakaa nao sebuleni nawasimulia habari za sanduku la upepo, na wao wanacheka, na mie nazidi kunoga. Zaina akaita kutoka jikoni.

"Maman, maji imechemka."

"Ngoja. Huoni nina wageni?"

Akangoja. Akaita mara ya pili, taratibu kama kawaida yake, nikajifanya sikusikia kwa sababu nilikuwa nimefika mahali patamu pa hadithi. Mtoto akaanza kulia chumbani. Nadhani alitaka amalize akamnyonyeshe, ndiyo akaibeba sufuria mwenyewe. Mzazi wa siku tisa, hata kutembea bado anajishika ukuta. Kwenye ngazi ya bafuni mguu ukateleza.

Ile sauti sitaisimulia. Maji yalimmwagikia kutoka kiunoni hadi magotini. Wageni wangu wale wale ndio waliompigia Hemedi simu. Mie nilisimama tu na leso mkononi, kama mgeni wa nne.

Alilazwa wiki nyingi. Mjukuu wangu akanyweshwa maziwa ya chupa. Hemedi akamleta fundi aiangalie mashine iliyomletea balaa mkewe. Fundi, kijana wa Kizulu, hakutoa hata bisibisi. Aliinua swichi, feni ikazunguka. "Eish," akasema, "imezimwa tu." Hemedi akanitazama. Nikasema labda mtoto wa jirani.

Nilikwenda hospitali na ungo wa uongo kichwani, nimeshaupanga. Hakunipa nafasi ya kuutua.

"Nilikuona, maman," Zaina akasema. "Tangu siku ya kwanza. Dirisha ya chumba inaangalia kwenye swichi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema kwa nani? Bwana yangu alishasema mimi niko nachanganyikiwa. Nikasema mu roho, huyu ni mama, atachoka." Akageuza uso. "Mimi sitamwambia. Utamwambia weye."

Nilimwambia Hemedi jioni ile ile. Hakunipigia kelele. Zaina alipotoka hospitali, Hemedi alileta fundi, wakafungua ile pampu uani wakaipakia kwenye gari, wakahamia kijumba cha kupanga Umbilo. Siku hiyo hiyo fundi akanifungia boila mpya ya gesi, pale pale ilipokuwa ya baba yake. "Gesi yako hiyo, mama," Hemedi akasema. Akafunga geti taratibu.

Kwa hiyo ninayo. Kidirisha ninacho, moto wa buluu ninao, nyumba nzima ya vyumba vitatu naoga mtu mmoja. Mjukuu wangu anatembea sasa. Namwona Idi kwa Idi, nusu saa, ananikimbia anajificha kwenye gauni la mama yake.

Nyie wakina mama wenye wakwe, mnaosema mnatetea mila, mnatetea vitu vya marehemu, kaeni chini mjiulize mnamchukia nani. Mie sikuwa na ugomvi na lile sanduku. Ningemwambia Zaina usoni kwamba simpendi, leo angekuwa na ngozi yake.

Mwezi uliopita nikasikia ana mimba tena. Nikajikaza nikampigia simu. Nikamwambia nitakuja Umbilo kumkanda, siku zote arobaini, na kubeba nitabeba mie.

Nyuma yake nilikuwa naisikia ile feni inavuma.

"Asante, maman," akasema. "Maji ya moto iko."