Siku Niliyoipanga Biblia kwa Mizani

Haya naona hata kuisimulia, lakini najua mtacheka tu: mimi, mhitimu wa shule ya usiku (cheti nimekitundika dukani, juu kuliko saa), niliamini kabisa kwamba vitabu vya Biblia vilipangwa kwa uzito, vizito mbele na vyepesi nyuma, ili ngamia aliyevibeba hapo kale asielemewe makalioni. Aliniambia jamaa niliyekaa naye dawati moja, na kwa kuwa mimi mtoto wa Kuze, mtaa wa Waislamu, nimezoea msahafu, ambamo sura ndefu aghalabu hutangulia fupi, sikuona ajabu yoyote.

Basi Mama Kadzo wa Mbaraki akaniletea Biblia ya marehemu babake niijalidi, maana kazi yangu ni kushona vitabu na kuvitia majalada. Imeachana yote, mende wamekula pembe za kurasa pamoja na nambari zake, orodha ya vitabu ya mbele nayo haipo, bahati tu kila kitabu kilianza kwenye jani lake. Akasema ikitoka vizuri, vitabu vyote vya kanisa lao vitaletwa kwangu. Ningemuuliza mpangilio, lakini msomi huuliza? Nikaazima mizani ya jirani yangu muuza halua.

"Yakhe, wapima halua ama wapima dini?"

"Elimu hii," nikamjibu.

Zaburi ikashinda, ikakaa mbele. Nyaraka fupi za Yohana nikazitia mkiani. Jalada liling'aa hata nusu ya Mombasa ikapita kulitazama.

Jumapili nikaalikwa kanisani, nami nikaenda na kanzu mpya. Mama Kadzo akasimama mbele ya watu asome Mwanzo, sura ya kwanza. Akafunua. Akafunua tena.

"Fundi, Mwanzo kiko wapi?"

Ningenyamaza. Nikasimama, nikaeleza kwa sauti ya mwalimu kwamba Mwanzo kilizidiwa na Zaburi kidogo tu, kisha nikamtaja na ngamia. Kanisa zima likaangua kicheko, mzee mmoja akateleza kutoka kwenye benchi mzima mzima, na mimi nikaiona kazi yote ikiniponyoka.

Mama Kadzo peke yake hakucheka. "Ya babangu hiyo. Utakuja nyumbani uifumue na kuishona upya mbele ya macho yangu. Hivyo vya kanisa, nitaangalia kwanza."

Nikaapa pale pale kwamba sitatia sindano kitabu cha mtu kabla ya kumuuliza mwenyewe.

Mlangoni pasta akanishika bega. "Vimepangwa kwa aina, ndugu yangu. Sheria, historia, mashairi, manabii. Kisha Injili, Matendo, nyaraka, mwisho Ufunuo. Mayahudi wanavyo vile vya kale, ila wao huvipanga kwa njia yao, na aghalabu humalizia na Mambo ya Nyakati. Hakuna aliyepima kitu."