Fromaji za Dancille na Klimatizeri ya Himbi

Dancille alikimbia vita na fromaji. Wenzake walishuka kutoka Masisi na magodoro, na sufuria, na watoto mgongoni. Yeye, mjane ambaye wanawe walikwisha kujitegemea mbali, alipakia kwenye lori fromaji zake, jibini za mviringo, moja juu ya nyingine, akazifunika kwa kitenge chake cha harusi, na njia nzima akawa anagombana na abiria.

"Papa, hapo si kiti! Hapo ni maziwa!"

Ulikuwa mwaka ule mapigano yalipokaribia Sake, mji mdogo ulio njiani kuelekea Goma, barabara ikafurika watu kama siku ya soko. Dancille alikuwa ametengeneza fromaji tangu usichana wake, huko juu milimani ambako asubuhi mtu akifungua kinywa hutoka moshi kabla ya maneno. Marehemu mume wake alikuwa na mazoea ya kusema kwamba hata mbinguni atamtambua mkewe kwa harufu. Wageni walicheka. Dancille hakuona cha kuchekesha. Kwake ilikuwa sifa.

Mjini Goma alifikia kwa mdogo wake Célestin, aliyekuwa zamu, mlinzi wa nyumba moja nzuri mtaa wa Himbi. Mwenye nyumba, Madame Charline, alikuwa amevuka mpaka akakae kwa dada yake hadi mambo yatulie. Alimwachia Célestin funguo zote na agizo moja tu: "Usiingize mutu." Célestin alijiambia kwamba dada si mutu, dada ni dada. Fromaji hakuziwaza kabisa.

Kesho yake fromaji zilianza kutokwa na jasho. Goma si mji wa joto, ila kibanda cha zamu kina paa la bati, na fromaji iliyozaliwa kwenye baridi ya Masisi haijui kuvumilia bati. Harufu ilitoka mlangoni, ikazunguka ua, ikapanda ukuta. Kabla ya saa sita kichwa cha jirani, Papa Bagalwa, katekista mstaafu, kilichomoza juu ya ukuta ule.

"Célestin, mwanangu," aliuliza kwa sauti ya pole, "munafiwa?"

"Hapana, muzee. Ni fromaji za yaya yangu, huyu dada mkubwa."

Papa Bagalwa alinusa tena, taratibu, kama daktari. "Basi haziko mbali na kufa," akasema.

Neno lile lilimchoma Dancille. Akamgeukia mdogo wake. "Nyumba yote hii kubwa, hakuna hata kona moja ya baridi?"

Célestin alikuna kichwa. Kona ilikuwepo. Katika chumba cha kulala cha Madame kulikuwa na klimatizeri, ile mashine nyeupe ya kupoza hewa inayotundikwa ukutani karibu na dari. Madame aliinunua kwa sababu rafiki yake mmoja alikuwa nayo. Wageni walipelekwa kuitazama kama watu wanavyopelekwa kutazama mtoto mchanga, wanaisifu, kisha wanarudi sebuleni. Célestin hakuwahi kuiona ikiwaka hata mara moja.

"Leo itawaka," alisema Dancille.

Walitandika plastiki juu ya kitanda cha Madame, wakalaza fromaji moja moja. Papa Bagalwa alikuwa amekwisha kuruka ukuta, licha ya umri wake, akisema amekuja kusaidia tu. Kwanza walibonyeza kitufe kilichokuwa pembeni mwa mashine. Kimya. Dancille akapanda kiti, akaipigapiga ubavuni kama anavyompigapiga ng'ombe anayezuia maziwa.

"Haina umeme," alisema Papa Bagalwa. "Taa yake haiwaki."

Hapo Célestin akakumbuka kwamba Madame alipoondoka, yeye mwenyewe alishusha swichi kubwa ya ukutani inayolisha nyumba nzima, kwa kuogopa radi. Alikimbia kuipandisha. Ikalia *ta!* na kitaa kidogo cha kijani kikawaka usoni pa mashine. Dancille alipiga kigelegele. Alikipiga mapema mno.

Ikabaki kutafuta telekomande, rimoti ya mashine ile. Madame alikuwa na mtoto wa meza, droo iliyojaa telekomande za kila namna, za vitu vilivyopo na za vilivyokufa zamani. Dancille alizimwaga kitandani katikati ya fromaji, akaanza kuzijaribu, akielekeza kila moja kwenye mashine na kubonyeza kwa nguvu, kama mtu anayetoboa kitu. Telekomande ndefu: kimya. Ya kijivu: kimya. Akachukua kadogo, keusi, kenye vitufe viwili. Akabonyeza.

Kutoka nje ukasikika mngurumo: *grrrrr*.

"Imeitika!" alipaza sauti Papa Bagalwa. "Injini yake inakaaka nje, nyuma ya nyumba. Célestin, kimbia uangalie!"

Célestin alitoka. Akarudi akiwa amebadilika rangi.

"Yaya, injini haizunguki. Lakini lango limefunguka peke yake."

"Lango gani?"

"Lile la barabarani. Lile ninasukumaka kwa mikono kila siku! Na mbuzi wa batu ameshaingia."

"Achana na lango, sisi tuko na kazi," alisema Dancille, akabonyeza tena. *Grrrrr*. Célestin akachungulia dirishani, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Sasa limejifunga! Na mbuzi amebaki ndani!"

Papa Bagalwa alifanya ishara ya msalaba. Ndivyo walivyoendelea kwa kitambo: Dancille akibonyeza ili mashine itoe baridi, Célestin akitoa habari za lango kutoka dirishani, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Mwishowe Dancille alikatupa kale kadogo kitandani. Wakati huo, kwa bahati, lango lilikuwa wazi.

Telekomande yenyewe waliipata chini kabisa, nyeupe kama mashine, imevuliwa betri. Papa Bagalwa aliruka tena ukuta, akarudi na betri za redio yake na uso wa mtu aliyetoa sadaka kubwa. Dancille akabonyeza. Mashine ikalia *tii*, ikafumbua mdomo polepole, ikapuliza.

Wote watatu walisimama chini yake na nyuso juu.

"Huu ni upepo bure," alisema Dancille. "Hata dirisha linatoa upepo kama huu." Akaizima.

"Washa tena," alisema Papa Bagalwa. *Tii*. Upepo uleule. Akaizima. Akaiwasha. Célestin akasema labda inasikia Kifaransa tu. Dancille akaizima. Papa Bagalwa akapendekeza sala. Dancille aliiwasha mara nyingine, akinyanyua kidole kuitisha kama mtoto mkaidi, na kabla hajaizima zikasikika sauti nyingi za wanawake uani.

Wakatoka mbio, mashine ikabaki inapuliza.

Kwenye majani ya Madame walikuwa wameketi akina mama kutoka Sake, na mafurushi, na watoto waliochoka hata kulia. Mkubwa wao, mama mwembamba aitwaye Niyigena, alisimama na kumshika Dancille mikono yote miwili.

"Aksanti, mama. Tumepita malango mengi, yote yamefungwa. Hili la kwenu lilitufungukia lenyewe. Tukasema, hawa ni batu wa Mungu."

Célestin alimtazama dada yake. Alitaka aseme kitu, kwa kuwa yeye alikuwa na agizo. Lakini Dancille alizitazama zile nyayo zenye vumbi jeusi, zilizofanana na zake za jana.

"Karibuni," akasema. "Célestin, leta kisu. Leta na fromaji mbili." Akafikiri kidogo. "Zile zinatoka jasho sana."

Walikuwa bado wanakula simu ya Célestin ilipolia. Alikuwa Madame Charline, akiulizia nyumba.

"Nyumba iko muzuri, Madame."

"Nasikia watoto wanalia."

"Ni redio, Madame."

Mbuzi akalia. Célestin akaona uongo hautamfikisha mbali. "Madame, unisamehe. Nimeingiza mutu."

"Mutu moja?"

Célestin aliuangalia ua wote, tangu ukutani hadi langoni. "Tuanze na moja," alisema.

 Madame akauliza ni watu gani, na Célestin akamweleza. Akakohoa, akasema wakae kwenye gereji na barazani, na kitandani kwake asilale mtu yeyote. Célestin aliapa kwamba kitandani kwake hakulala mtu. Alikuwa anasema kweli tupu.

Alipoingia ndani kupumzisha moyo, alitoka akitetemeka meno.

"Yaya! Njoo uone! Njoo na sweta!"

Chumba kilikuwa baridi kama alfajiri. Nyuma ya nyumba injini ilikuwa inanguruma kwa raha, na fromaji zimekauka uso. Papa Bagalwa alizunguka chumba na mikono mgongoni. "Sasa nimeelewa," alisema. "Mashini ilikuwa bado inavaa viatu, na sisi kila mara tunaiambia irudi kulala."

Dancille hakuwa anamsikiliza. Alisimama chini ya mashine akafungua kinywa, akapumua. Moshi haukutoka, baridi haikufika huko. Hata hivyo alihisi puani ule ukali wa asubuhi ya kwao, akaketi chini sakafuni kando ya kitanda, na hapo hapo, mchana kweupe, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu atoke Masisi. Célestin alimfunika kwa kitenge na kuufunga mlango taratibu.

Fromaji zilidumu hadi zikapata wanunuzi, isipokuwa zile zilizoliwa uani, nazo hazikuwa chache. Niyigena alikuwa na shemeji aliyehamishia ng'ombe wake upande wa Lac Vert, ziwa dogo nje ya mji, na kabla mwezi haujaisha maziwa yalianza kuingia kwa madumu juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Dancille alianzisha kazi upya kwenye gereji, na akina mama wa Sake wakawa wanafunzi wake. Alikuwa mkali kupita kiasi. Majirani wote wa Himbi walimsikia kila asubuhi:

"Chumvi, Niyigena, chumvi! Unaogopa nini, itakuuma?"