Kiti Ambacho Hakijakaliwa na Mtu

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na alipostaafu jina halikustaafu naye. Watoto aliowafundisha kuhesabu kwa vijiti walikuwa sasa watu wazima wenye vitambi, lakini wakikutana naye sokoni bado walificha sigara mgongoni. Mumewe naye walimwita Fundi. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari: kutoa kitambaa kilichochanika, kubadilisha sponji iliyobonyea, kukivalisha kiti upya mpaka mwenye gari adhani amekosea gari. Alikuwa ameshona viti vya mabasi, vya malori, vya teksi, hata vya gari la kubeba maiti. Yeye mwenyewe alikwenda kazini kwa baiskeli maisha yake yote.

Baiskeli hiyo ndiyo iliyomwangusha. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuficha maradhi, hakumwambia mtu. Alasiri moja akaingia mtaroni mzima mzima, tena mtaro aliokuwa akiupita miaka nenda miaka rudi. Walimleta nyumbani ametapakaa tope, kiatu kimoja mkononi, anacheka kicheko cha mtu asiyetaka kuulizwa. Mwalimu alimwosha magoti. Alipomaliza, akanyanyua vidole mbele ya uso wake.

"Vingapi?"

"Mimi si darasa lako la kwanza, Mwalimu."

"Vingapi, Fundi?"

Fundi akanyoosha mkono kuvipapasa. Hapo Mwalimu akajua.

Daktari alisema dawa ya matone itapunguza kasi ya ugonjwa, lakini macho yaliyokwenda yamekwenda. Binti yao, muuguzi katika mji mwingine, aliposikia alipiga simu akafoka kama yeye ndiye mzazi. Baiskeli mwisho! Kiinua mgongo cha mama kipo, akiba ya baba ipo, wanunue gari dogo.

"Nani ataliendesha?" akauliza Fundi. "Mimi sioni, mama yako hajui."

"Mama atajifunza."

Mwalimu alicheka kwanza. Kisha akaona hakuna aliyecheka naye.

Akajifunza. Mkufunzi wa udereva alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na kumkaripia hakuweza. Mwalimu akipanda ukingo wa barabara, yeye husema tu, taratibu, "Samahani Mwalimu, hapo tumegonga ndoo ya watu." Mwalimu alikanyaga klachi kama anaua mende. Alishika usukani kwa nguvu hadi akirudi nyumbani vidole vimekakamaa, na Fundi humkanda kimoja kimoja huku akimuuliza leo kanusurika nani. Mara ya kwanza alishindwa mtihani. Mara ya pili akapata leseni, akaiweka mezani karibu na sahani ya mumewe, akakaa akimtazama anavyoipapasa kwa kidole gumba.

Basi ikabaki kununua gari, na hapo ndipo walipogongana.

Mwalimu alikuwa ameshachagua moyoni. Jirani yao, mkunga mstaafu, alikuwa anahamia kwa mwanawe, na gari lake dogo alikuwa analiuza. Lilikuwa la zamani lakini limetunzwa, na viti vyake alivishona Fundi mwenyewe. Mkunga alikuwa amemruhusu Mwalimu ajizoeze nalo kwenye uwanja wa shule, kwa hiyo alilijua: gia ya pili inataka kubembelezwa, mlango wa nyuma lazima uubamize. Ndani ya gari hilo mabega yake yalishuka.

Fundi akasema hapana. Alitaka jipya. Si la mwaka jana, si lililotumika kidogo. Jipya kabisa.

Wakaenda kwenye duka la magari. Dada muuzaji aliwapokea vizuri, akawafungulia gari dogo lililokuwa linang'aa kama kikombe kilichotoka kusuguliwa. Viti vilikuwa bado vimefunikwa nailoni. Fundi aliomba ruhusa, akaingiza mkono chini ya nailoni, akaupitisha polepole kwenye mshono, kuanzia juu ya mgongo wa kiti mpaka chini. Uso wake ulitulia kama wa mtu anayesikiliza habari njema.

"Ingia, Mwalimu. Kaa."

Mwalimu akaingia. Akakaa kwenye ncha ya kiti cha dereva, mkoba juu ya mapaja, magoti yamebanana, kama mgeni sebuleni kwa watu asiowazoea. Mbele yake taa ndogo ndogo zikawaka, asijue hata moja inasema nini.

"Unalionaje?" akauliza Fundi.

"Zuri," akajibu, kwa sauti ile ambayo mtu husifia mtoto wa mwenzie.

Wakarudi kwa teksi. Nyumbani, alipokuwa anaosha vyombo, Mwalimu akalipuka.

"Gari jipya nitaliendesha kama nimebeba trei ya mayai kichwani! Nikilikwaruza je? Mimi mwenyewe bado nagonga ndoo. La mkunga nalijua, nalo linanijua. Wewe unalitakia nini jipya, ili watu wakuone?"

Neno hilo alilijutia kabla halijamaliza kutoka. Katika miaka yao yote pamoja, kama kuna mtu hakuwahi kujali kuonekana, ni huyu. Fundi alikausha sahani aliyokuwa nayo, akaiweka kabatini, akaenda kukaa barazani.

Kesho yake asubuhi Mwalimu alikuwa akimtungia uzi kwenye sindano, kazi aliyoianza tangu macho ya mumewe yaharibike. Alizichomeka moja moja kwenye kimto kidogo ili Fundi aende nazo kazini zote ziko tayari. Fundi alikaa mkabala naye, chai mkononi.

"Jana nilisema vibaya," Mwalimu akasema.

"Si kitu."

"Ni kitu. Niambie. Kwa nini jipya?"

Fundi akazungusha kikombe mara kadhaa.

"Kitanda chetu tulikitoa wapi?"

"Kwa yule mhasibu aliyehama."

"Kabati?"

"Kwa dada yako."

"Cherehani yako? Meza hii? Gauni ulilolivaa siku ya harusi?"

Gauni lilikuwa la binamu yake Fundi, mwanamke mnene. Fundi alilipunguza kwa mkono wake, akalishonea ua la kitambaa kifuani kuficha doa. Mwalimu alilipenda ua lile. Hata leo, akiulizwa, angesema hajapata kuvaa nguo nzuri kuliko ile.

"Kila nilichokuletea ndani ya nyumba hii kilikuwa na mwenyewe kabla yako," akasema Fundi. "Nimeshona viti vya watu wengine mpaka macho yamekwisha. Nilitaka mara moja tu, nikiwa bado naona kidogo, nikuone umekaa kwenye kiti ambacho hakijakaliwa na mtu."

Mwalimu aliweka sindano chini. Alikuwa hajui. Miaka yote hiyo wamelala kitanda kimoja, na mwenzake amebeba jambo hili kama kokoto kwenye kiatu, yeye hana habari. Na kwa kuwa hakuzoea kulia mbele yake, akatafuta njia nyingine.

"Sasa mbona wewe mwenyewe nilikuchukua mtumba?" akasema. "Si ulikuwa umeshaposa kwingine, ukaachwa kwenye mataa?"

Fundi alishtuka, akamtazama, kisha kicheko kikampanda mpaka chai ikamwagika. Mwalimu naye akacheka, na machozi yaliyokuwa yanatafuta njia yakaipata hapo hapo.

"Tunachukua jipya," akasema akijifuta.

"Aa, mke wangu. Jana jioni nilikwenda kwa mkunga nikamwambia tunachukua lake. Nilikuona dukani ulivyokaa na mkoba wako. Nikasema, kiti gani hiki kinachomtesa mtu?"

Mwalimu akashikilia jipya, wakaenda wote wawili kwa mkunga kuomba radhi. Mkunga aliwasikiliza, akapiga makofi kwa kicheko. Alisema dobi wa mtaa wa pili analivizia gari lile siku nyingi, wao ndio waliokuwa wanamzibia.

Siku ya kulichukua gari jipya dukani, Mwalimu alivaa viatu vyake vya chini. Fundi alikaa kando yake, na alichokumbuka Mwalimu baadaye ni kwamba mumewe hakuitazama barabara, alimtazama yeye. Dada muuzaji akapunga mkono. Mwalimu akatia gia, akaachia klachi vizuri kuliko siku zote, akageuza kuelekea langoni, na kwenye nguzo ya lango ikasikika sauti ndefu, kama mtu anachana gunia.

Akazima injini. Hakuthubutu kugeuza shingo.

Fundi akashuka, akazunguka huku mkono wake ukilifuata gari ili asijikwae. Akainama kwenye mlango. Vidole vyake vikaufuata mkwaruzo mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kama alivyoufuata mshono siku ile.

"Umenyooka," akasema Fundi. "Mimi kwa mkono nisingeupata hivi."

Akarudi ndani akafunga mkanda. "Twende. Sasa ukiligonga tena haitakuwa mara ya kwanza."

Mwalimu akawasha gari, na alipotoka barabarani akagundua kwamba mgongo wake umeegemea kiti chote.

Mkwaruzo hawakuupaka rangi. Kila asubuhi Mwalimu humpeleka kazini, ambako Fundi bado anashona, siku hizi zaidi kwa vidole kuliko kwa macho. Kuna siku walifika mbele ya karakana, Mwalimu akageuka kumwambia wamefika, akamkuta amelala, mdomo wazi kidogo, kichwa kimeegemea kioo. Wateja wawili walikuwa wameshasimama mlangoni wanasubiri, mmoja kati yao mwanafunzi wake wa zamani, akaanza kuja kugonga dirisha. Mwalimu akaweka kidole mdomoni na kumtolea yale macho ya darasani.

Yule mtu akarudi nyuma, akatafuta kigoda, akakaa.