Kamba ya Kigari

Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa mtoto mbishi, na ubishi wangu mwingi ulimwangukia Bibi. Njia ya kutoka kihamba chetu, shamba la migomba na kahawa pale Kilimanjaro, ilishuka mpaka barabara ya lami. Katikati palikuwa na kona iliyoota isale, ule mmea ambao Wachaga tunaupeleka tukiomba msamaha. Kila mwenye mzigo alisimama pale, akautua, akawasalimia wazee waliozikwa ng'ambo ya njia. Bibi hakukosa misa ya kwanza hata Jumapili moja, na kona ile hakuipita bila kusimama.

"Usipopumzika pale watakusukuma," alituambia. "Na wakikusukuma, hakuna wa kukushika."

Jumamosi moja asubuhi tulishusha mikungu minne ya ndizi kwa kigari cha mbao. Dada yangu Anjela, miaka kumi na mitatu, alikuwa mbele kashika mpini. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika kamba. Ndiyo ilikuwa breki. Tulipoikaribia kona akageuka.

"Tupumzike?"

"Twende bwana! Gari la ndizi litatuacha. Wazee wenyewe wamelala."

Akacheka. Tukapita.

Baada ya kona mteremko ni mkali zaidi. Kamba ilinivuta, nikaikaza, mara nikajikuta nakimbia bila kutaka. Anjela naye alikimbia, kigari kikimsukuma kiunoni, hana pa kutokea.

"Shika! Mdogo wangu, shika!"

Nilishika. Kamba ikateleza viganjani, ngozi ikaungua, nikaachia. Nilisimama katikati ya njia mikono mitupu, nikamwona dada yangu akienda, na sikuwa na la kufanya isipokuwa kupiga kelele. Kigari kilimbamiza kwenye kalavati. Paja lilivunjika, na mpaka leo anachechemea.

Jioni ile Bibi alinipeleka kwenye kona, akashika jani la isale mwenyewe kwa sababu mimi, kwa viganja vile vilivyoungua, nisingeweza, akaniombea msamaha. Hakuniambia hata mara moja kwamba alinionya. Afadhali angenichapa.

Sasa nafundisha fizikia sekondari, kule chini kwenye mashamba ya mpunga ya Chekereni. Nawaambia wanafunzi kwamba kigari kilicho juu kina nishati iliyotulia. Kikishuka, inageuka kuwa mwendo. Ukiuzuia mwendo, unageuka kuwa joto, au mlio, au kitu kinavunjika. Haipotei. Wananakili. Mimi huwa natazama viganja vyangu.

Likizo iliyopita nilipanda nyumbani na futi kamba, nikaupima mteremko, nikakaa na daftari. Hesabu ilitoka wazi: kwa mwendo tuliopita nao pale konani, hakuna mtoto wa miaka tisa ambaye angekizuia kigari kile. Nililia kwa nafuu. Kisha, kwa ubishi wangu uleule, nikapiga hesabu nyingine, kama tungekuwa tumesimama. Mwendo wote wa juu ungeishia pale, tungeanza upya taratibu, hatua kwa hatua. Mikono yangu ingetosha.

Ile ya kwanza nilimwonyesha Anjela. Alinishika bega, akasema, "Mimi siku zote nilijua huna kosa."

Ya pili sijamwonyesha.