Kola za Fundi wa Majengo

Bwana afya alishatangaza mkutanoni, akarudia kwa kipaza sauti ili hata watu wa mtaa wa Shanwe wasikie: tangu chumvi yenye madini joto iingie madukani, uvimbe wa tezi shingoni umekwisha, na mwaka huu wa tisini na saba hakuna haja ya kuuongelea. Fundi cherehani wa mtaa wa Majengo naye hauongelei. Mteja akija amejifunga kitenge shingoni, fundi humpa tepu ajipime mwenyewe, kisha huinama chini ya cherehani kutafuta pini ambayo haijapotea. Kola zake husimama, zina marinda laini kwa mbele, na ndani ya mshono huacha kitambaa cha akiba.

Jumamosi alikuja Emelyne, binti kutoka makazi ya Katumba aliyebakiza wiki moja aolewe.

"Fundi, picha zitapigwa. Wakwe watanitazama shingo tu."

"Watatazama marinda, mwanangu. Nayaweka ili wapate shughuli."

Emelyne akacheka, kitenge kikateleza. Mkono wake ukakimbilia shingoni, lakini fundi alikuwa ameshainama, anatafuta pini.

"Inuka tu, fundi. Pima wewe. Mimi najidanganya."

Akapima taratibu, kidole kimoja kati ya tepu na ngozi, ili kola isimkabe atakapomjibu padri.

Gauni lilipokamilika alilitundika ukutani, kando ya shati jeupe la bwana afya, lililoletwa kupanuliwa kola kwa mara ya pili.