Treni ya Mzee Isiyopita Mlangoni

Mume wangu aliuza tiketi za treni mpaka akastaafu. Miaka yote hiyo nyuma ya kidirisha, watu wakasafiri, yeye akabaki. Kwa hiyo alipoanza kuunda treni yake ndogo chumba cha nyuma, sikumcheka. Nilimcheka baadaye, alipokatakata sifongo langu la vyombo akalifanya miti.

"Msitu huo, mama watoto."

"Msitu gani unanuka sabuni?"

Mlima aliufinyanga kwa magazeti na uji wa ngano. Mataruma ya reli, vijiti vya kiberiti. Vifungo vyangu vikaanza kupotea, nikavikuta vimekuwa magurudumu. Tukaelewana: vya nguo kuukuu achukue, vya koti langu asivisogelee. Jioni anavaa kofia yake ya kazi, anawasha, treni inatoka handakini ikilia kama mbu. Nami nabeba mshono wangu nakaa papo hapo. Nafuata taa, nilikuwa namwambia.

Ndipo wifi yangu, dada yake mkubwa, akaanguka akavunjika nyonga. Daktari akasema asiishi peke yake. Chumba kingine hatuna, na ubao wa treni umejaa ukuta hadi ukuta.

"Tutautoa nje, barazani," akasema mzee.

Akamwita jirani yetu seremala, wakaunyanyua. Kufika mlangoni, wapi! Mlango mwembamba. Mzee aliujenga humo humo, kipande juu ya kipande, hata siku moja hakuwaza kutoka. Seremala alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee wangu, umejenga nchi nzima ukasahau njia ya kutokea!"

Mzee hakucheka. Alivua kofia akaitundika msumarini. "Vunja tu, fundi. Mtu mzima mimi, na midoli ya nini."

Hapo nikapandwa na hasira. Nani kasema kuvunja? Nguo ikibana huitupi, unafumua mshono. Nikachukua chaki yangu ya kushonea, nikapiga mstari katikati ya mto aliouchora ubaoni, pasipo nyumba wala stesheni.

"Kata hapa. Nusu ibaki ukutani, miguuni pa kitanda cha wifi. Nusu itie bawaba, ikunjwe mchana, ishushwe jioni."

"Bibi, reli zitaachana," akasema seremala.

"Zitaachana mchana, zitakutana jioni. Kwani wewe na mkeo si hivyo hivyo?"

Mlima ulipunguzwa, handaki likaondoka kabisa. Mzee aliguna, lakini msumeno aliushika mwenyewe.

Wifi akaja na magongo yake na maneno yake. "Mmenilaza chini ya mlima?"

"Shukuru si ndani ya mto, wifi." Nikamfunika koti langu mabegani.

Jioni ubao ukashushwa juu ya miguu yake. Treni ikaja vizuri, ilipofika palipokatwa ikaruka, behewa la mwisho likamwangukia mapajani. Wifi akaliokota, akaligeuzageuza, akalirudisha relini.

"Mdogo wangu, hapa kwangu haisimami?"

Mzee akainuka, akachukua kofia msumarini, akaivaa. "Inasimama, dada. Tiketi."

"Mimi nikate tiketi? Nimekubeba mgongoni!"

"Kila abiria anakata."

Wifi akapapasa mbele ya kifua, akavuta kitu, akakitia kiganjani mwa mzee, naye akakipokea bila kunitazama.

Kifungo cha koti langu.